Digidigi Aliyekosa Kiti

Wanyama wa Bondeni walialikwa kwenye michezo ya mataifa yote ya porini. Kiboko, mkuu wa msafara, akalijaza lori viongozi: makamu wake, msemaji, mpiga picha na shemeji zake wanne. Digidigi, mwanariadha pekee, akakosa kiti.

"Mwanangu, wewe miguu unayo," Kiboko akamwambia. "Utatukuta huko."

Digidigi akatimua mbio. Lori nalo likawa linasimama kila kijiji, Kiboko akabidhiwe bendera na kula pilau ya kuagwa. Walipofika, michezo ilikuwa imekwisha, na Digidigi ana medali ya dhahabu shingoni.

"Tumeshinda!" Kiboko akashangilia, akashuka haraka apigwe picha.

"Hongera, mzee," Digidigi akasema, tayari keshakaa kwenye kiti cha mkuu. "Miguu unayo. Utatukuta nyumbani."

Lori likaondoka, na shemeji wote wanne wakampungia mkono.