Pilipili ya Mzee Shomvi

Tangu harusi, miaka miwili kamili, Mzee Shomvi hakuwa amesema neno na mkwewe. Jumapili hiyo Siwema alimleta mumewe, Kombo, akamkalisha jikoni kando ya baba yake, aliyekuwa akipika maharage kwa nyama ya kusaga.

Nyanya zilipoiva, mzee akadondosha pilipili mbuzi moja, nzima, akampa Kombo mwiko bila kumtazama.

"Koroga. Ukiipasua, sufuria yote utaila mwenyewe."

"Na nisipoipasua, baba?"

"Kwanza usiniite baba. Koroga."

Siwema akacheka kidogo. "Pilipili hiyo huwa ni yake, Kombo. Hata mimi mwanawe sijawahi kuionja."

Basi Kombo akakoroga taratibu, kwa pembeni, jasho likimtoka puani, mpaka mchuzi ukawa mzito na jikoni kote kukanukia. Pilipili ilikuwa ikielea, imelegea, haijapasuka.

Mzee akapakua sahani tatu mkekani, ya Kombo ikikaa mkabala na yake. Mwishoni akaiopoa pilipili kwa upawa, akaishika juu ya sahani yake, akakaa hivyo. Kisha upawa ukaanza kusogea polepole kuelekea upande wa pili wa mkeka, ukidondosha mchuzi njiani.