Kiti cha Mjomba

Kitu cha kwanza alichokiona Poongodi ni kwamba mbegu yake haikuwepo.

Kaka yake Elango alikuwa amechuchumaa sebuleni akipanga mbegu za ukwaju sakafuni, kila mbegu na mtu wake, kama viti vya gari watakalokodi. Mbele yeye mwenyewe kwenye usukani, na mama yao kando yake, maana akikaa nyuma hutapika. Nyuma yao Vasuki, mke wa Elango, na mtoto Iniyan mapajani. Kisha Maran, kaka yake Vasuki, na mkewe. Kwenye buti sufuria, mchele, na jogoo wa kuchinjwa mbele ya mungu wa ukoo.

Hata jogoo alipewa mbegu.

"Tunatoka Salem alfajiri," Elango alisema. "Chai tunakunywa Dindigul, maua tunanunua Madurai. Jioni tuko hekaluni. Mtoto akishanyolewa na kutobolewa masikio, tunashuka hadi Kanyakumari tukaone jua likitoka baharini. Kurudi tunapitia maporomoko ya Kuttralam, tuoge."

Poongodi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, mwiko mkononi. "Na mimi, kaka?"

Elango hakuinua kichwa. Vasuki ndiye aliyejibu.

"Na ng'ombe atakamuliwa na nani, wifi? Au tumpakie naye?"

Maran akacheka hadi tumbo likamtikisika. Alikuwa amekuja kwa ajili ya mpango huu, na tangu afike alikuwa akitafuna murukku za unga wa kukaanga, chenga zikimdondokea shatini.

"Gari ni dogo, mwanangu," mama alisema kwa upole. "Ningekupa nafasi yangu, lakini mimi ndiye bibi wa mtoto."

Poongodi akarudi kwenye mchuzi wake wa dengu. Si mtu wa kubishana. Mbele ya wageni hata jina lake hulitaja kwa kunong'ona. Lakini masikio yalibaki sebuleni, na macho nayo.

Alimwona Vasuki akimlisha Iniyan wali laini uliochanganywa na samli, akimwonyesha kunguru dirishani ili afumbue kinywa. Alimwona mtoto akimfutia udenda begani. Wivu ulimpanda Poongodi kama maziwa yanayochemka bila mtu wa kuyaangalia. Aliuonea wivu hata ule udenda.

Majirani walikwisha kulisema. Msichana ambaye wenzake wote wameolewa, akishinda na mtoto wa wifi yake, jicho lake huwa kali. Vasuki aliwasikia. Kila asubuhi alimpaka Iniyan doa la wanja shavuni kukinga kijicho, na siku hizi doa lilikuwa limekua karibu sawa na sarafu.

Haikuwa hivyo zamani. Elango na mkewe walipokwenda Tiruppur kufanya kazi kwenye viwanda vya nguo, Poongodi alifuatana nao, awe anawapikia. Waliishi chumba kimoja kama ndugu wa tumbo moja. Waliondoka watatu, wakarudi wanne, na mama akagawa peremende mtaa mzima kwa furaha ya mjukuu. Tangu siku hiyo Vasuki hakumwacha Poongodi hata amwogeshe mtoto.

"Hereni nimeshamwagiza sonara," Maran alikuwa akisema. "Dhahabu tupu. Wasije wakasema mjomba ni bahili."

"Hereni si kitu, paja ndilo jambo," mama alimjibu. "Mtoto hunyolewa na kutobolewa masikio akiwa kwenye paja la kaka wa mama yake. Si mwingine. Yule binamu yenu alipakatwa na baba yake, eti mjomba yuko jeshini. Masikio yakaoza, na mpaka leo mungu wa ukoo hajawasamehe. Hebu mpakate tuone, Maran, azoee."

Maran akapangusa chenga, akampokea mtoto. Iniyan alimtazama masharubu, akaangua kilio. Alijinyonga, akateleza, akatambaa mbio hadi mlango wa jikoni, akashika pindo la sari ya Poongodi.

Poongodi aliinama. Kabla hajamgusa, Vasuki alikwisha kumnyakua.

"Usimtolee macho hivyo, wifi! Kijicho hakizai mtoto. Olewa uzae wako, nasi tutakuja kukupikia."

"Basi aje akae na jogoo kwenye buti!" Maran alisema, akacheka peke yake.

Elango aliinamia mbegu zake kama mtu aliyepoteza kitu kati yake.

"Kaka," Poongodi alimwita.

"Usimsumbue kaka yako," mama alisema. "Ungekuwepo uwezekano wa kumpunguza mtu, tungempunguza. Lakini mjomba haachwi. Bila mjomba, safari yenyewe ya nini?"

Poongodi akaweka mwiko chini. Alivuka kizingiti, akapita mbele ya mgeni, jambo ambalo hajalifanya maisha yake yote, akasimama katikati ya sebule. Vasuki alimwangalia usoni, na mikono yake ikamkaza mtoto.

"Wifi," alisema haraka, kwa sauti nyingine kabisa, "ng'ombe tutamwachia jirani. Twende wote. Tutabanana."

Poongodi hakumtazama. Alimtazama mama yake.

"Kaka Maran anaweza kubaki, mama," alisema. "Mjomba wake Iniyan ndiye atakayeendesha gari."