Nyaya Tatu za Feni

Feni ya hita ya gari ilipuliza kwa namba moja tu. Anneth alizungusha swichi hadi nne, upepo haukuongezeka. Kwa pumzi ndogo hiyo, kioo cha mbele kingejaa ukungu kule juu Ngorongoro, na asubuhi hii ndiyo angewaendesha wageni kwa mara ya kwanza.

Mota ilizunguka, fyuzi ilikuwa nzima. Basi tatizo lilikuwa kwenye nyaya za kuongeza kasi. Alichomoa droo ya dashibodi, akajilaza, akamulika ndani kwa tochi.

Nyaya tatu zilikuwa zimekatwa. Shaba yake iling'aa, ncha zake zimenyooka, kazi ya plaizi.

Mumewe alisimama mlangoni mwa nyumba na kikombe cha chai. Jana alimshika mikono, wakaiombea safari hii pamoja.

"Panya hao, mama Elia," alisema. "Wakishakata nyaya tatu, gari haliendi. Mwambie bosi atafute dereva mwingine."

Anneth alikuwa bado hajamwambia alichokiona.

Aliziunganisha moja moja bila kuinua kichwa, akazizungushia tepu. Namba nne ikavuma, vumbi likampiga usoni.

"Wageni nitawapeleka," alisema. "Nikirudi nisikukute."