Karibu Kabla ya Hodi

Mbwana alifika mlangoni na maandazi mkononi. Kabla hajapiga hodi, mkewe Riziki akaitikia kutoka ndani, "Karibu!"

Akaimeza hodi yake. Tangu Riziki abadilishiwe prosesa ya kichwani, kile kifaa cha kuharakisha fikra, ndivyo walivyoishi. Alilijua neno la mtu kabla halijamtoka. Mtaa mzima ulishabadilisha. Mbwana peke yake aling'ang'ania kungoja toleo la mwakani, eti ndilo litakuwa zuri hasa. Siku hizi hata wakigombana, ugomvi ulikwisha yeye hajaanza kujitetea.

Leo alikuwa amechoka kuachwa nyuma. Akaketi mkekani.

"Mama Zuwena, nimefikiri sana..."

"Ukabadilishe kesho. Sawa." Riziki alimsogezea chai bila kumtazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Na mimi nimeshakusamehe."

"Umenisamehe nini? Nimefanya nini mimi?"

"Bado hujafanya."

Mbwana akakiinua kikombe, asinywe. "Nitafanya nini?"

"Ukishabadilisha utajua mwenyewe, baba Zuwena."

Mbwana akakiweka kikombe chini. Alikuwa ndiyo kwanza anatafuta namna ya kusema kwamba labda angoje kidogo, mkewe akaitikia:

"Haya. Ngoja."