Arobaini za Watu Wawili

Mtoto alizaliwa siku ile ile aliyozikwa babu yake, basi arobaini zao zikaangukia asubuhi moja. Ukumbini wanaume walikuwa wakimsomea marehemu hitima. Chumbani Saumu, mama wa mtoto, alikuwa kashaoga na kujifukiza udi, ila kucheka hathubutu.

"Mama, tumtoe nje kesho," alimwambia mama mkwe wake, Bi Mwanatumu. "Leo ni siku ya Baba."

"Babu yake ndiye angemtoa. Hayupo, nipo mie. Lete huyo mtoto!"

Bi Mwanatumu alimbeba mjukuu hadi mlango wa uani, akasimama. Eda yake ilikuwa bado ina miezi, na mjane havuki kizingiti. Saumu akatangulia nje, akageuka, akampokea mwanawe. Mtoto alikunja uso kwa jua, akapiga chafya, na wanawake wakapiga vigelegele kabla hawajakumbuka msiba. Ukumbini kisomo kilikatika kidogo, kisha kikaendelea.

Bi Mwanatumu hakuondoka mlangoni. Mikono yake ilibaki imenyooka nje ya kizingiti, viganja vimejaa jua.