Gari la Mpima Ardhi

Gari lilikanyaga tuta dogo tu, usukani ukamponyoka fundi mikononi. Ukapiga kushoto, ukapiga kulia, kwa kasi ambayo jicho halikuweza kuifuata. Magurudumu ya mbele yakatetemeka kama meno ya mtu mwenye homa, na kioo cha pembeni kikajikunja chenyewe. Fundi hakukimbilia breki. Aliondoa mguu kwenye mafuta, akaukamata usukani kwa mikono miwili, akaliacha gari lipunguze mwendo mpaka likatulia kando ya barabara.

Mpima ardhi, mwenye gari, alikuwa ameketi pembeni yake, bado ameshikilia mlango.

"Ndivyo linavyofanya," alisema. "Nikifika mwendo huu, nikikanyaga kitu, basi."

"Na mtoto anakaa wapi?"

"Nyuma. Nyuma ya dereva."

Fundi aligeuza gari, wakarudi polepole.

Lilikuwa gari la porini, refu, la kupanda milima na kuvuka mito. Mpima ardhi alilinunua kwa ajili ya kazi, na sasa alikuwa amehamishiwa kituo cha mbali, huko ambako lami inaisha na safari ndiyo kwanza inaanza. Alitaka kuhama na mke na mtoto. Mafundi wawili walikuwa wameshalishika. Wa kwanza alibadilisha matairi. Wa pili alifunga shokapu mpya ya usukani. Mtikisiko ukapoa siku chache, kisha ukarudi na nduguze. Mwishowe, mpima ardhi alieleza huku akitazama viatu vyake, nyumbani wamekata shauri: gari haliendi popote mpaka liguswe na fundi huyu.

Gereji ilikuwa uani, na chumba cha fundi kilikuwa nyuma ya gereji. Ndani mlikuwa na kitanda cha mtu mmoja, sahani moja, na kiti kisicho na mwenzake. Mchana alikuwa na mazoea ya kulia chakula ndani ya gari lolote la mteja lililokuwapo, redio ikiwa wazi, ili asikie watu wakizungumza. Magari yakiisha, alikula amesimama.

Kesho yake alimwomba mpima ardhi akae kwenye usukani auzungushe kidogo kidogo, kushoto, kulia, huku yeye amelala chini na tochi. Alishika kiungo kimoja kimoja kwa kiganja, kama daktari anayetafuta mapigo. Vya magurudumu vilikuwa vizima. Kisha akafika kwenye chuma kirefu kinachoizuia ekseli ya mbele isiende upande, akakiona kinachezacheza mwishoni. Tundu la bolti lilikuwa limelika mpaka likawa na umbo la yai.

"Ile shokapu ilikuwa inaficha ugonjwa tu," alisema alipotoka. "Ugonjwa wenyewe uko hapa."

Mpima ardhi alichuchumaa, akatazama. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba anaomba aambiwe ukweli.

"Ukisema halifai, fundi, hatuondoki. Nitaomba wanibakize hapahapa. Nimeshaafikiana nao nyumbani. Neno lako ndilo la mwisho."

Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, muda mrefu kuliko mafuta yaliyokuwapo yalivyohitaji. Lingekuwa neno jepesi kulitamka. Hakuna ambaye angembishia.

"Linatengenezeka," akasema.

Kazi hiyo ilikuwa ya siku moja. Yeye aliifanya wiki nzima. Aliziba tundu kwa bamba la chuma, akachomelea, akatoboa upya, akatia bolti iliyokaa bila nafasi hata ya unywele. Akabadilisha bushi, zile pete za mpira za kwenye viungo. Akasawazisha magurudumu, hayakumridhisha, akayasawazisha tena. Jioni mpima ardhi alipita kujua hali, nao wakakaa juu ya matairi makuukuu wakizungumza mawili matatu: barabara za huko, baridi ya huko, kama shule iko karibu. Fundi aliuliza zaidi kuliko alivyojibu.

Seremala aliyehamia jirani juzijuzi aliyaona hayo akacheka. Alimwambia fundi kwamba gari lilishapona zamani, ila anamng'ang'ania mteja kwa kuwa amepata mtu wa kupiga naye soga.

"Likiondoka utaongea na nani?"

"Na wewe," fundi alijibu, na seremala akajiona hakutania vizuri.

Kazi ilipokamilika, fundi aliweka gunia dogo la mchanga kwenye kiti cha nyuma ya dereva, akalifunga mkanda, akatoka peke yake kuelekea barabara mbovu. Alikanyaga matuta, akakanyaga mashimo, kwa mwendo uleule uliokuwa ukilitia gari wazimu. Usukani ulitulia kama maji mtungini. Aliporudi alizima injini, akabaki ameketi humo ndani mpaka joto la jua likapoa kitini.

Asubuhi ya safari walikuja wote na mizigo yao. Walimkuta fundi chini ya gari, spana mkononi, anakaza nati ambayo haikuwa imelegea. Mke wa mpima ardhi alisimama langoni, akasalimia kwa mbali, hakuingia. Mume wake alipakia mizigo peke yake. Alipomaliza alishukuru, akasubiri, akashukuru tena, na fundi akamjibu kutoka hukohuko chini kwamba bado kidogo.

Binti mdogo aliyekuwa amesimama kando ya mpima ardhi alipiga magoti kwenye mchanga uliolowa mafuta, gauni lake la safari na yote, akainama akachungulia.

"Baba," alisema, "toka basi. Mama kaniambia nije nikuage."