Kibao Mbele ya Rejeta

Fundi Shomari alimaliza kufunga rejeta ndogo ya kupozea oili ya giaboksi. Msengo, mwenye gari, akarudishia mbele yake kibao chake kipana: SIMBA WA MLIMA.

"Kinaziba upepo, bwana," fundi akamwambia.

"Gari bila jina ni gari?"

Tunu, mke wa Msengo, mjamzito wa kujifungua wakati wowote, akainuka kutoka kwenye ndoo aliyoikalia. "Mwaka jana kibao hikihiki kiliziba upepo, giaboksi ikaungua mlimani kabla ya kufika hospitali. Nikazalia majanini, mtoto akafa. Safari hii umzike nani, Simba?"

"Mke wangu, watu wanasikia."

"Wasikie!"

Akampokonya fundi spana, akafungua bolti, akakitupa kibao matopeni. Kisha akaketi kwenye usukani, kiganja wazi dirishani.

"Ufunguo."